Mwanachuo, kabla ya ploti ya hamsini kwa mia fungua kabati la nyanyako

Siku hizi ukishika simu na kwenu ni Malindi, hazipiti video tano hujauziwa ploti. Kijana kavaa miwani ya jua, nyuma yake mnazi mmoja na bango jipya, anakwambia futi hamsini kwa mia, mita mia tatu kutoka baharini, weka depoziti kidogo, inayobaki utalipa polepole miaka miwili, hati ziko tayari, kwenda kuona saiti ni bure na soda juu yetu. Matangazo yenyewe si mapya. Kipya ni anayelengwa. Zamani alikuwa mtu wa Nairobi mwenye peslipu, au Mkenya aliye Ughaibuni anayetafuta pa kujenga nyumba ya kustaafia, sasa anasemeshwa mwanafunzi wa chuo, anza ungali kijana, usingoje ajira, wenzako wananunua viatu wewe nunua ardhi. Na wanafunzi wanaitikia kweli, grupu za WhatsApp zilizoanzishwa kutumiana noti za darasani sasa zimegeuka vyama vya kuchangia ploti.

Watu wazima wanaolijadili jambo hili barazani wamegawanyika mara mbili, na mimi naona wote wamekosea. Kuna wanaopiga makofi, ati vijana wa Pwani hatimaye wameamka. Kuna wanaosikitika, ati watoto wanatapeliwa, warudi kwenye vitabu vyao. Ukiwasikiliza vizuri, wote wawili wanaamini kununua ploti ndiko kuingia kwenye hii biashara inayoitwa riel esteti, wanachobishania ni umri tu. Mimi nasema ploti tupu ya kulipa kwa instolmenti ndio mlango mbaya kuliko yote kwa mwanafunzi, hasa wa ukanda huu wetu wa kutoka Mtwapa hadi Kiunga, na mlango mzuri wengi wao wanao tayari ila hawauoni, kwa sababu umefungiwa ndani ya kabati la nyanya: nyumba ya familia ambayo mwenyewe kwenye karatasi alikufa zamani na hakuna aliyefuatilia.

Tuangalie kwanza hizi hadithi za kijana aliyenunua nyumba bila pesa zinatoka wapi. Nyingi ni mambo ya Marekani yaliyovalishwa kanzu. Kule kijana mwenye kazi na rekodi nzuri ya kulipa madeni anaweza kuchukua mkopo wenye dhamana ya FHA, shirika la nyumba la serikali yao, akaweka asilimia 3.5 tu ya bei, akanunua jengo la hadi nyumba nne, akaishi moja akapangisha tatu, na wapangaji wakamsaidia kulipa mkopo wa miaka 30. Ndio maana unamsikia akisema alinunua nyumba bila pesa. Pesa zilikuwepo bana, ila zilikuwa za benki, na benki ilikubali kwa sababu serikali imesimama nyuma yake. Sasa ilete hesabu hiyo hapa kwetu. Kenya nzima, watu zaidi ya milioni 50, mikopo ya nyumba ya mabenki ni kama 30,000 tu, na riba yake kwa kawaida inapita asilimia kumi. Benki haimjui mwanafunzi, haimjui hata mwalimu wake vizuri. Kwa hivyo ukiitoa benki kwenye ile hadithi kinachobaki ni neno "nunua" peke yake, lile la mpangaji kukulipia limeanguka njiani. Ploti tupu haina mpangaji. Kila mwezi inakula kwako na wewe huli kwake.

Kinachonichekesha ni kwamba ile mbinu ya kukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, mama zetu na nyanya zetu waliifanya kabla huyo mtu wa video hajazaliwa. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita unaijua, ukumbi katikati, vitatu huku vitatu kule, nyuma ua na jiko na choo na pipa la maji. Nyanya anakaa chumba cha mbele karibu na baraza apate kuona nani kaingia nani katoka na nani hajalipa, vitano vinapangishwa kwa manesi, makondakta, fundi cherehani, mtu wa bara aliyekuja hoteli. Ukipita Maweni ama Barani nyumba za namna hii bado zimesimama, na watoto waliosomeshwa na vile vyumba vitano wengine leo ndio wanaotuma depoziti za ploti. Hakuna aliyewahi kukaa na nyanya akamuuliza alifanyaje, mpangaji mbaya alimtoaje, mwezi wa sita watalii wakiisha na wapangaji wakikosa kazi aliishije. Elimu yote hiyo ilikuwa jikoni, bure, sisi tukaenda kuitafuta YouTube.

Na kuna jambo lingine kwenye nyumba hizo ambalo mtu wa nje ya Pwani humchukua muda kuelewa, nalo ni kwamba nyumba na ardhi si kitu kimoja. Mombasa na Malindi kuna nyumba chungu nzima ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi, tunaita nyumba bila ardhi, umejenga kuta na paa ni zako lakini kila mwezi unapeleka kodi ya ardhi kwa mwenye shamba au mtu wake wa kukusanya. Hili halikutokea hivi hivi. Ukanda huu wa pwani wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hata Waingereza walipokuwa wakiutawala, na mwaka 1908 ikaletwa sheria ya hati za ardhi, kila anayedai kipande aje mbele ya afisa athibitishe. Waliojua karatasi na waliokuwa karibu na serikali wakathibitisha. Wengi katika Wamijikenda, na watu wa vijijini waliolima bila kuandikisha, hawakufika au hawakusikilizwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza kisha ikaja kuwa ya serikali. Ndio maana leo unaweza kukuta mzee kazaliwa mahali, kazika wazazi wake papo hapo, na kwenye karatasi yeye ni sikwota wa mtu ambaye hajawahi kumuona. Ukinunua ploti Pwani unanunua na historia hiyo, ikiwemo ndani ya bei au haimo.

Sasa nizipime hoja za wanaonunua, maana si wajinga. Hoja yao yenye nguvu zaidi ni muda. Mtu wa miaka ishirini akinunua leo ana miaka arobaini mbele yake, ardhi haiozi, na inamlazimisha kuweka akiba, kwa sababu pesa ikikaa M-Pesa itaondoka wikendi. Hili la akiba nalikubali kabisa, nimeona vijana waliokuwa hawawezi kuweka elfu mbili wakilipa instolmenti kila mwezi kama swala. Lakini akiba na uwekezaji ni mambo mawili. Tuseme ploti ni 400,000, depoziti 40,000 na 15,000 kila mwezi kwa miezi 24. Ukimaliza hujamaliza, kuna wakili, kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na kama ni ardhi ya kilimo kuna idhini ya bodi ya ardhi. Tuseme bei imepanda kweli, imefika 600,000, unataka kuuza ulipie mwaka wa mwisho wa masomo. Tangu 2023 kodi ya faida ya kuuza mali ni asilimia 15, ila ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi milioni tatu imesamehewa, kwa hivyo KRA, mamlaka ya kodi, haitakugusa. Kodi basi si shida. Shida ni mnunuzi. Yule aliyekuuzia bado ana ploti mia jirani na yako na anauza kwa polepole miaka miwili, wewe unataka keshi leo, nani atakuacha yeye aje kwako? Bei iliyoko kwenye bango ni ya anayeuza kwa mkopo, mwenye ploti moja na haraka hapati hiyo bei, anapata ya dalali.

Hoja ya muda pia inataka uulizwe unangoja nini kitokee. Waulize walionunua Mokowe na Hindi. LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari na barabara, ilizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012, marais na mawaziri wakuu wamepanga mstari, gati 32 kwenye mipango, na watu wakanunua ardhi kama wananunua njugu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mpaka sasa yaliyojengwa ni matatu. Katikati hapo, mwaka 2014 baada ya mauaji ya Mpeketoni, serikali ikatangaza kufuta hati za karibu ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa makampuni 22. Sisemi wote walipata hasara, kuna waliolipwa fidia na kuna waliouza mapema wakatajirika. Ila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa 2012 leo ana watoto shuleni, na kama pesa yake yote ilikuwa kwenye eka ya Hindi ameishi ujana wake mzima akingoja meli.

Hoja ya pili ndiyo inayouma, na wauzaji wanajua inauma, ati tusiponunua sisi watanunua watu wa bara na Wazungu mpaka tubaki wageni kwetu. Mimi ni Mpwani na hii nikiisikia damu inachemka kama ya mwingine yeyote. Lakini tuitazame bila hasira. Mgeni asiye raia, kwa katiba ya 2010, hawezi kumiliki ardhi Kenya zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Na ukichunguza jinsi nyumba za Mkomani na Shela kule Amu (Lamu) zilivyoondoka mikononi mwa wenyewe, mara nyingi hutakuta mtu kanyang'anywa. Utakuta nyumba ya mawe ya babu ina warithi kumi na saba, haijagawiwa, paa linavuja, boriti zimeliwa na mchwa, hakuna mwenye pesa ya kutengeneza peke yake na hakuna anayetaka kutengeneza ya wenzake, akatokea mnunuzi mmoja mwenye pesa, wakauza na kugawana visehemu ambavyo havikununua hata ploti Hindi. Nyumba hizo hizo baada ya mji kuingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001 sasa zinalaza wageni kwa dola. Kwa hivyo kama hofu ni kupoteza ardhi ya kwetu, kijana anayelipa instolmenti ya ploti Mambrui huku nyumba ya kwao inaporomoka yuko kwenye lango lisilo na adui, na adui amepita mlango wa uani.

Hoja dhaifu kuliko zote ndio ile inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, "usijali, hati ipo". Mwaka jana mtoto wa ndugu yangu alinivuta twende naye kuona saiti, nikaenda kwa sababu ya umbea wangu zaidi kuliko hekima. Tulipakiwa Probox watu saba, tukaacha lami, tukaingia mchanga mwekundu kisha mweupe, mita mia tatu kutoka baharini zikawa kilomita mbili na ushee na bahari yenyewe hukuiona, uliisikia tu ukinyamaza. Dalali akatuonyesha bikoni, alama ya mpaka, kipande cha chuma kwenye simenti bado mbichi. Hatua ishirini kutoka hapo palikuwa na mkorosho ambao mimi na kijana tukishikana mikono hatuuzungushi, chini yake mama mmoja ametandaza mihogo kwenye turubai, nyuma yake nyumba ya udongo yenye makuti mapya. Nikamuuliza dalali, na hawa? Akasema, "Hao mzee wataondoka, wanajua." Yule mama alitusalimu vizuri sana, akatuuliza tumetoka wapi, akatupa maji. Hakuwa na sura ya mtu anayejua kitu. Kijana akaninong'oneza, "Ami, lakini hati nimeiona." Na hati aliiona kweli, sikatai.

Sasa hati hiyo inasema nini? Sachi ya lendi, yaani kupekua sajili ya ardhi, itakwambia leo jina la nani limeandikwa. Haikwambii alilipataje. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ploti ya ufukweni Nyali, ploti iliyogawiwa mara ya kwanza 1989 kwa Rais Moi mwenyewe, ikauzwa, ikafika kwa kampuni ya Dina Management ambayo ilikuwa na hati na ilinunua kwa pesa yake. Kaunti ya Mombasa ilisema pale palikuwa uwanja wa umma na njia ya kwenda baharini. Mahakama ikasema kama mgao wa kwanza haukufuata sheria basi hati iliyozaliwa na mgao huo haina nguvu, na kununua kwa nia safi hakukuokoi. Tafakari hapo. Kama hati iliyoanzia kwa rais imeanguka, hati ya dalali wa Probox itasimama kwa nguvu gani? Na upande wa pili kuna yule mama wa mkorosho, maana sheria ya Kenya inampa mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine waziwazi bila ruhusa miaka 12 haki ya kwenda mahakamani aidai iwe yake, na Mahakama ya Rufaa ikikaa hapa hapa Malindi mwaka 2015 ilisema sheria hiyo haigongani na katiba. Mkorosho ule peke yake ni shahidi wa zaidi ya miaka 12. Halafu kuna wakfu, ambayo haiuzwi wala hairithiwi na hata hivyo Pwani hii mtu anaweza kukuuzia akiwa na tasbihi mkononi. Mwenye mshahara na wakili anaweza kufukua historia ya kipande mpaka mzizi wake. Mwanafunzi anaangalia picha ya hati iliyotumwa WhatsApp, basi.

(Hata hesabu ya ukubwa wenyewe, wanaiita eighth, moja ya nane ya eka. Hamsini kwa mia ni futi mraba 5,000, moja ya nane ya kweli ni 5,445. Futi mia nne na kitu zimepotea kabla hujaanza. Mjane kwenye mirathi ya Kiislamu akiwa na watoto anapata thumni, moja ya nane, na thumni ya kadhi angalau ni thumni kweli.)

Nimefika kwenye mirathi na ndiko nilikokuwa nikienda. Familia nyingi za Malindi, Mambrui, Amu, Faza, zina nyumba au shamba ambalo jina lililoandikwa ni la babu wa babu. Hakuna anayeweza kulikopea, hakuna anayethubutu kulijengea, na siku mmoja akitaka kuuza wote wanagutuka. Kulifungua faili hilo kunataka vitu ambavyo mwanafunzi anavyo na wazee hawana: muda, miguu, kusoma Kiingereza cha fomu, na subira ya kukaa kwenye benchi la ofisi. Cheti cha kifo, barua ya chifu, orodha ya warithi, kisha kwa Waislamu Mahakama ya Kadhi, Malindi ipo na Lamu ipo, kwa wengine mahakama za kawaida na tangazo la siku 30 kwenye gazeti rasmi la serikali. Warithi waliokufa kabla ya kugawiwa nao wana warithi wao, hapo kadhi anaingia kwenye hesabu ya munasakha na karatasi inakuwa ndefu. Hati za zamani za ukanda huu nyingi zimeandikwa CR na sajili yake ilikuwa Mombasa, kwa hivyo utapanda matatu mara nyingi. Kijana akilimaliza faili moja la namna hii amejifunza kusoma hati, kusoma ramani, tofauti ya sachi na historia ya kipande, sarveya anafanya nini na wakili anatoza nini, na amejifunza juu ya ardhi ambayo hata akikosea hapotezi depoziti.

Na hesabu yake ni tamu kuliko ya ploti. Tuseme nyumba ya nyanya ina vyumba viwili vimekaa bila mtu sababu ya paa na umeme, mkikubaliana kutengeneza kila kimoja kwa 60,000 na kupangisha 4,000, vinaingiza 8,000 kwa mwezi, ile 120,000 imerudi ndani ya miezi 15. Ndani ya miezi hiyo hiyo mwenzake wa ploti bado yuko instolmenti ya kumi na tano. Vikikamilika vyote sita kwa bei hiyo ni 24,000 kwa mwezi, 288,000 kwa mwaka, na hapo umegusa mstari kabisa ambapo KRA inaanza kudai kodi ya pango, asilimia 7.5 ya makusanyo tangu Januari 2024. Kujua mstari huo uko wapi nayo ni elimu.

Pingamizi kubwa nalijua, na ndilo la haki. Ami na shangazi watapigana. Mwanafunzi akianza kuuliza hati ya babu ataambiwa anataka kuwarithi watu wakiwa hai, na kuna familia zimevunjika kwa swali hilo. Sina dawa ya hili. Ila nimeona inasaidia kijana akiingia kama karani asiwe kama mdai, anakusanya karatasi, anaandika daftari la kodi kila mtu alione, hasemi kitu juu ya nani apate nini, hilo ni la kadhi na wazee. Daftari likiwa wazi miezi sita maneno hupungua. Halafu kuna wasio na nyumba ya familia kabisa, na hawa ni wengi, hasa wale ambao babu zao ndio walioachwa nje ya sheria ya 1908. Kumwambia mtu kama huyo afungue kabati ni kumkejeli. Kwake mlango ni funguo za nyumba ya mwingine. Kasuarina na Watamu kuna vijumba vya Airbnb ambavyo wenyewe wako Milano au Nairobi na wanatafuta mtu mwaminifu wa kupokea wageni, kufuata fundi bomba saa tano usiku, kuhesabu shuka. Misimu miwili ya kazi hiyo itakufundisha kile ambacho bango halisemi, kwamba kuanzia Aprili masika yakianza na kusi ikivuma, maji ya Sabaki yanaingia baharini, bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa, mwani unajaa pwani, na ile nyumba iliyokuwa ikigombaniwa Disemba inakaa tupu mpaka Julai. Usivuke tu ukawa dalali wa kuuza, udalali wa ardhi una sheria yake na bodi yake ya usajili, si kazi ya kufanya na namba ya simu peke yake.

Nini kinafuata tukiendelea tulivyo? Naona vitu viwili. Cha kwanza, pesa za HELB, ile mikopo ya wanafunzi, na za wazazi, ambazo zingeezeka mapaa na kuchimba vyoo hapa mjini, zinahamia kwa wachache wenye mashamba makubwa ya kukata kata, na tunabaki na bikoni nyingi na nyumba chache, ukipita njia ya Gongoni unaziona zile ploti zimeota magugu mpaka mabango yamezama. Cha pili kinanitia hofu zaidi. Kila ploti iliyouzwa juu ya mtu aliyekaa pale ni kesi ya kesho kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na safari hii anayeshtakiana na mama wa mkorosho hatakuwa tajiri asiyeonekana wa enzi za Sultani, atakuwa mtoto wa Maweni mwenye digrii, Mpwani kwa Mpwani, na wote wawili wana haki kiasi. Wanasiasa wamezoea kutueleza shida ya ardhi kama ya sisi na wao. Hiyo kesi wataielezaje?

Yule mtoto wa ndugu yangu hakulipa depoziti, ingawa sikumkataza, nilimuuliza tu kama anaweza kurudi pale peke yake amwambie yule mama kuwa amenunua. Sasa yuko na faili la nyumba ya nyanyake, Barani. Vyumba viwili vimepata watu, cha tatu kinavuja kwenye kona na fundi amekula adivansi akatokomea. Kwa kadhi wamekwama kwa karatasi moja, cheti cha kifo cha ndugu mmoja wa babu aliyepanda jahazi kwenda Uarabuni na hakurudi, na hakuna anayekumbuka kwa hakika alifia mji gani.